Miaka 1,000 kwa Dola 12

Ukishuka basi mjini Siem Reap, Kamboja, kitu cha kwanza utakachouziwa ni tuktuk, cha pili ni mahekalu, na cha tatu ni chakula cha jioni chenye ngoma. Vipeperushi viko kila mahali: mapokezi ya hosteli, nyuma ya kiti cha dereva, juu ya meza ya mama anayekata tikiti za basi. Picha huwa ile ile. Msichana amevaa taji la dhahabu, mguu mmoja umekunjwa nyuma mpaka unyayo unatazama mbingu, vidole vimepinda kurudi nyuma mpaka unaumia wewe unayetazama. Chini yake kuna ahadi, kwa Kiingereza na Kichina: ngoma ya miaka 1,000.

Nataka kuanza na hiyo miaka 1,000, kwa sababu ndiyo inayouzwa. Wali na samaki ni nyongeza.

Si uongo mtupu. Angkor ilikuwa moyo wa himaya ya Wakhmer kutoka karne ya 9 hadi ya 15, na wacheza ngoma walikuwepo, tena kwa maandishi. Nenda Ta Prohm, lile hekalu ambalo miti imelikalia kichwani na ambalo wengi tulilijulia kwenye filamu ya Tomb Raider. Jiwe lake la maandishi, la mwaka 1186, linahesabu watu 12,640 waliokuwa na haki ya kuishi ndani ya kuta zake, na kati yao wacheza ngoma 615. Jiwe la Preah Khan, la mwaka 1191, linataja 1,000. Mahekalu yote mawili yalijengwa na mfalme mmoja, Jayavarman VII, la kwanza kwa heshima ya mama yake, la pili kwa heshima ya baba. Pale Preah Khan kuna ukumbi ambao mpaka leo unaitwa Ukumbi wa Wacheza Ngoma, na juu ya milango yake wamechongwa wamejipanga mstari, magoti yamepinda nje.

Lakini soma hayo mawe kama mtu anayelipa kodi ya nyumba. Wacheza ngoma wako kwenye orodha moja na mchele, asali na vitambaa. Ni hesabu ya stoo. Mfalme anawaambia miungu: nimewaletea hivi na hivi, na wasichana kadhaa wa kuwachezea. Hakuna jina la hata mmoja wao, na hakuna hatua hata moja iliyoandikwa.

Ndipo watu hukimbilia kuta za Angkor Wat, hekalu la Suryavarman II, lililojengwa nusu ya kwanza ya karne ya 12. Kwenye kuta zake kuna wanawake wa mawe zaidi ya 1,700. Wengi wamesimama tu, wameshika ua, hawachezi. Wale wanaocheza, apsara wenyewe, utawapata kwenye ukuta mrefu wa upande wa mashariki. Hapo kuna hadithi ya Kihindu ambapo miungu na mashetani wanamvuta nyoka mkubwa huku na huku ili kuisukasuka bahari ya maziwa, kama unavyosuka maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke. Katika povu lile wakazaliwa apsara, viumbe wa kike wa peponi, wepesi kuliko hewa. Wamechongwa juu ya vichwa vya wavutaji, wadogo, wengi kama kumbikumbi baada ya mvua.

Nilikaa mbele ya ukuta ule karibu saa nzima. Tiketi ya siku moja ya Angkor ni dola 37, na mimi ni mwandishi wa kujitegemea, kwa hiyo nilihakikisha kila senti imefanya kazi. Jambo moja lilinisumbua. Jiwe linakuonyesha mguu ulipofika. Halikuambii ulitoka wapi, wala unaelekea wapi baada ya hapo, wala mapigo yalikuwa mangapi. Huwezi kujifunza ngoma kutoka kwa jiwe, sawa na vile huwezi kujifunza kuogelea kutoka kwa picha ya mtu aliye majini.

Kwa hiyo hii ngoma ya kipeperushi ilitoka wapi?

Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya, yaani Siam, Thailand ya leo, liliiteka Angkor. Masimulizi ya pande zote mbili yanasema wacheza ngoma na mafundi walibebwa kama ngawira. Baada ya hapo falme hizi mbili zikabadilishana walimu, wake na mitindo kwa miaka mingi sana, kwa hiari na kwa nguvu. Mfalme Ang Duong, aliyetawala Kamboja katikati ya karne ya 19, alikulia Bangkok, na aliporudi akapanga upya ngoma ya kasri kwa jicho alilolipata huko. Lile taji refu lenye ncha, lile vazi la hariri lililojaa nakshi ya nyuzi za dhahabu, sura yake ya leo ina mengi ya enzi hizo kuliko ya Angkor. Hapa ndipo Wakhmer na Wathai hurushiana maneno mtandaoni kila mwaka. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha tamthilia za vinyago za nchi zote mbili, ile ya Thailand na ile ya kijiji kimoja cha Kamboja, na ungedhani hilo lingetuliza watu. Thubutu.

Kisha wakaja Wafaransa, mwaka 1863, na himaya yao ya ulinzi. Mwaka 1906 Mfalme Sisowath, akiwa amevikwa taji juzijuzi tu, alipanda meli kwenda Ufaransa na kundi lake la wacheza ngoma kwa ajili ya Maonyesho ya Kikoloni ya Marseille. Walipocheza Paris mwezi Julai, mchongaji Auguste Rodin, mzee wa miaka 65, alipoteza akili kabisa. Aliwafuata kwa treni hadi Marseille na kuwachora, michoro kama 150 kwa siku chache. Aliyaona yale mawe ya kale yamepata damu. Mzungu wa kwanza kununua miaka 1,000, ukiniuliza mimi. Wasichana waliokuwa mbele yake walikuwa wanawake wa kasri la Phnom Penh, waliozaliwa karne ya 19, na hawakuwa huru kuondoka katika kasri hilo wapendavyo. Hilo halionekani kwenye michoro, ambayo, lazima nikiri, ni mizuri ajabu.

Na kama unadhani kuchezea watalii ni uozo wa zama za Instagram, subiri. Miaka ya 1920 na 1930, watalii waliokwenda Angkor walioneshwa ngoma usiku mbele ya Angkor Wat, kwa mwanga wa mienge, baada ya chakula cha hoteli. Kulikuwa hata na kundi binafsi la bibi mmoja wa ukoo wa kifalme, Say Sangvann, lililoshindana na la kasri na kwenda Paris mwaka 1931, ambako Wafaransa walikuwa wamejenga Angkor Wat ya bandia yenye ukubwa wa kutisha. Ngoma, sahani na mgeni vinajuana siku nyingi.

Ninachotaka ukijue kuhusu ile picha ya kipeperushi ni hiki: Ngoma ya Apsara, ile yenyewe, yenye taji na mguu wa nyuma, ilitungwa karne ya 20. Aliyeisimamia ni Malkia Sisowath Kossamak, mama yake Norodom Sihanouk. Katika miaka iliyozunguka uhuru wa 1953, Kossamak aliichukua ngoma ya kasri na kuifinyanga upya. Alizifupisha hadithi zilizokuwa zikichezwa usiku kucha. Aliwaingiza wanaume wacheze nyani, nafasi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya wanawake kama nafasi nyingine zote. Na akatazama kuta za Angkor Wat, akachukua mataji, mikufu na mapindo ya mwili wa wale wanawake wa mawe, akayavisha msamiati wa mwendo ambao walimu wake walikuwa nao tayari miilini. Mjukuu wake, Binti Mfalme Norodom Buppha Devi, aliyezaliwa 1943, ndiye aliyekuwa apsara mkuu wa kwanza. Nchi changa ilihitaji sura ya kuwaonyesha wageni wa serikali. Charles de Gaulle alipozuru mwaka 1966, alikuja katika nchi ambayo ilikuwa imejifunza kujitambulisha kwa ngoma hiyo.

Kwa kifupi, apsara wa kipeperushi ni rika la nyanya yangu.

Nilijua haya yote nilipokwenda kula, kwa hiyo nilikaa nikiwa na shingo ngumu kidogo. Ukumbi ulikuwa kama hema kubwa la harusi, meza ndefu, chakula cha kujipakulia upande mmoja, jukwaa upande wa pili na mchoro wa Angkor Wat nyuma yake. Dola 12, soda nje ya hiyo. Kulikuwa na amok, samaki aliyepikwa kwa mvuke ndani ya tui na jani la mgomba, ambaye mtu wa Lamu angemla bila kuuliza swali. Meza ya mbele ilikuwa ya kundi la wazee wa Kikorea waliovaa kofia zinazofanana. Nyuma yangu familia moja ya Kijerumani ilikuwa inagombana kimyakimya kuhusu kitu kilichotokea mchana.

Wapigaji walikaa chini kando ya jukwaa. Kundi hilo linaitwa pinpeat: marimba za mbao, duara la tasa za shaba ambapo mpigaji huketi katikati kama mtu aliye kisimani, ngoma kubwa mbili, matoazi madogo ya kuhesabu mwendo, na sralai, ambayo ni zumari, ukali ule ule wa harusi za pwani yetu. Zumari lilipolia, wazee wa Kikorea waliacha kutafuna. Kwa sekunde tatu hivi.

Ratiba ilikuwa ya kawaida, utaiona ukumbi wowote. Kwanza ngoma ya baraka, wasichana watano wakirusha petali za maua kwa wanaokula. Kisha ngoma ya wavuvi, vijana wa kiume na wa kike wakiwa na vikapu, wakitongozana, na mmoja amefukuzwa mara tatu. Watu huipenda sana hii na hudhani ni ya vijiji vya kale kando ya ziwa Tonle Sap. Ilitungwa miaka ya 1960 na wasanii waliosomea mjini Phnom Penh. Halafu kipande cha Reamker, Ramayana ya Wakhmer, pale Hanuman anapomfukuza nguva wa dhahabu anayeiba mawe ya daraja lake, na mwisho wanapendana. Hanuman alikuwa kijana mwenye magoti ya chuma. Alijikuna, akachungulia meza ya matunda, watoto wakapiga kelele. Nilicheka, siwezi kudanganya.

Apsara alikuja mwisho. Mavazi ya ngoma hii hushonewa mwilini kabla ya onyesho, na nilipokuwa nimekaa niliuona uzi mweupe kwenye bega lake, mrefu kidogo, haukukatwa vizuri. Akapanda kutoka chini polepole kiasi kwamba Mjerumani mdogo akauliza kama ameganda. Mikono ndiyo ilianza. Mikao ya mikono na mwili inaitwa kbach, na iliyo ya msingi zaidi inasimulia mmea: kidole kinachoota, kikonyo kinachojikunja, jani, ua, tunda. Tunda linaanguka, mbegu inaingia ardhini, unaanza upya. Kuvipinda vidole vile kurudi nyuma huanza utotoni, kila siku, mwalimu akivisukuma kwa mkono wake, kwa sababu mfupa wa mtu mzima haukubali tena. Vidole vya yule dada vilikuwa vinafanya hayo yote, na upande wa pili mtu alikuwa anakwangua sufuria ya wali.

Nilivitazama vile vidole nikafikiria: hivi navyo havikupaswa kuwepo.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge waliingia Phnom Penh na kuufukuza mji mzima mashambani, watu milioni mbili na zaidi, wagonjwa wakisukumwa na vitanda vyao vya hospitali. Malkia Kossamak alifariki Beijing siku kumi baadaye. Utawala huo ulidumu hadi Januari 7, 1979, na kwa miaka ile chini ya minne kati ya watu milioni moja na nusu na milioni mbili walikufa kwa njaa, kazi, maradhi na kuuawa, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni nane. Ngoma ya kasri ilikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja: ilikuwa ya mfalme, na ilikuwa ya kale. Waliocheza walisema wao ni wauza mboga, wafua nguo, wajane wa madereva wa baiskeli za abiria. Mikono ndiyo ilikuwa hatari. Mtu akikuona unachukua bakuli la uji kwa vidole vilivyopinda, umekwisha. Makadirio yanayorudiwa siku zote ni kwamba katika kila wasanii kumi, tisa hawakurudi. Filamu moja ya kumbukumbu ya mwaka 1993 ilipewa jina kutokana na hesabu hiyo, Mchezaji wa Kumi, na inamhusu mwanamke anayeitwa Em Theay. Nitarudi kwake.

Kwanza Chea Samy. Aliingizwa kasrini mwaka 1925 akiwa mtoto wa miaka sita hivi, akawa mchezaji, baadaye mwalimu. Aliolewa na karani wa kasri, Loth Suong. Karani huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyeletwa mjini kutoka kijijini Kompong Thom ili asome, na aliyekaa kwao. Kijana mpole, mcheshi, asiye na makuu. Ukoo wao ulikuwa umeingia kasrini kwa mlango wa ngoma: binamu yao, Meak, alikuwa mchezaji, akawa mke mdogo wa Mfalme Monivong. Kijana akasoma, akaenda Ufaransa kwa ufadhili, akarudi, akaingia msituni. Jina lake lilikuwa Saloth Sar.

Wakati wa Khmer Rouge, Chea Samy na mumewe walikuwa wakifanya kazi mashambani kama watu wengine, bila kujua ni nani hasa anayewatawala. Picha ya kiongozi, Pol Pot, ilipobandikwa kwenye jengo la kulia chakula la kijiji, ndipo walipouona uso. Ni yule mdogo wao.

Mwandishi Amitav Ghosh alimkuta Chea Samy Phnom Penh mwaka 1993 akiwa bado anafundisha, na aliandika kisa hicho vizuri kuniliko, kwa hiyo sitakaa hapo. Mimi kinachonishika ni kilichofuata mwaka 1979. Mwanamke wa miaka 60, nchi nzima ni kaburi, shemeji yake ndiye mchimbaji, na anaitwa mjini kufundisha ngoma. Akaenda.

Hawakuwa na kitu. Vitabu vilikuwa vimechomwa au vimeoza, mataji yameyeyushwa au yamepotea. Waliobaki walikaa chini na kuulizana. Wewe unakumbuka nini? Mimi nakumbuka mwanzo wa hii, sikumbuki mwisho. Mimi nilicheza jitu, sijui hatua za binti mfalme, lakini nilikuwa nasimama kando yake kila usiku. Ngoma ziliunganishwa hivyo, kiungo kwa kiungo, na shule ya sanaa ilipofunguliwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi wa wanafunzi wa kwanza walikuwa yatima waliotolewa kwenye nyumba za watoto. Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka, katika kambi za wakimbizi Thailand kama Khao-I-Dang, wengine walikuwa wakifundisha watoto kwenye vumbi, mavazi yao ni ya vitambaa vya msaada.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, ada ilipogoma, na tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba elimu bila karatasi ni hewa. Basi hewa hiyo ilibeba ngoma nzima ya taifa kwa miaka minne, ndani ya wanawake waliokuwa wakipanda mpunga na kunyamaza.

Sasa unaelewa kwa nini ile miaka 1,000 inanikera. Si kwa sababu ngoma ni mpya. Ngoma yote ni mpya kila usiku inapochezwa. Inanikera kwa sababu inampa jiwe kazi iliyofanywa na watu. Ukisema hii ni ngoma ya Angkor iliyoamka, umemfuta Kossamak aliyeitunga, umemfuta Chea Samy aliyeikumbuka, umemfuta yatima wa 1981 aliyepindishwa vidole na mikono iliyokuwa bado na malengelenge ya jembe. Mtalii anapanda tuktuk kurudi hosteli akiwa na picha ya kitu cha milele, kitu ambacho hakiwezi kufa, wakati alichokiona kilikufa kwa asilimia tisini na kurudishwa na watu wanaohesabika.

Kuna jamaa hostelini, Mzungu mwenye mkoba mkubwa na maoni makubwa zaidi, aliyeniambia nimeibiwa. Kwamba chakula na ngoma ni mtego wa watalii, ningetafuta kijiji nione kitu halisi. Kijiji kipi? Hii haikuwa ngoma ya kijiji hata siku moja. Ilikuwa ya hekalu, halafu ya kasri, halafu ya serikali, na wakati wote huo ilichezwa mbele ya mtu aliyeshiba. Vijiji vya Wakhmer vina ngoma zao, nzuri, za mavuno na za kuomba mvua, lakini hizo ni nyingine. Maneno kama "halisi" hunichosha, na najua kwa nini. Nimekulia Nairobi. Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya utalii, ngoma za jamii mbalimbali zikafupishwa zikae jukwaani alasiri moja, na vizazi vya wanafunzi tumepelekwa huko kwa basi la shule tuone mila zetu, halafu tule chipsi. Wapo wanaoicheka Bomas. Lakini nenda kawaulize wazee wa kundi lile ni hatua ngapi wanazozijua ambazo huko zilikotoka hakuna kijana anayezijua tena. Jukwaa la mtalii hukata ngoma mkia na masikio, ni kweli. Wakati mwingine pia ndilo friji pekee lenye umeme.

Swali langu kwa ule ukumbi lilikuwa la kawaida zaidi: nani analipwa? Dereva wangu wa tuktuk, ambaye kwa wiki nzima tuliitana bong, neno lao la kumheshimu kaka au dada mkubwa, ana mpwa anayecheza kwenye kumbi kama ile usiku tatu kwa wiki. Alinikutanisha naye kesho yake mchana, kwenye kibanda cha juisi ya miwa. Ni msichana wa miaka 22. Mchana anauza kava za simu. Kwa usiku mmoja hapati hata hizo dola 12 nilizolipa mimi. Alianza kucheza akiwa na miaka minane, kwa mwalimu aliyefundisha watoto wa mtaa bila ada, na anapendelea kucheza jitu kuliko apsara, kwa sababu jitu hupiga miguu chini na hakuna anayekwambia utabasamu.

Nikamuuliza anafikiria nini watu wanapokula. Mjomba wake alitafsiri, akacheka kwanza. Alisema huwa anahesabu. Mapigo ni mengi na mwili umesimama kwa mguu mmoja, hakuna nafasi ya kufikiria sahani ya mtu. Ila wale wanaopanda jukwaani mwishoni kupiga picha na kumshika kiuno, hao anawaona.

Kisha akanionyesha kitu ambacho hakimo kwenye ratiba ya ukumbi wowote. Kila Alhamisi, wanafunzi wa ngoma huwasha uvumba na mishumaa, wanaweka matunda na maua, wanawasalimu walimu: walio hai, waliokufa, na roho wanaoilinda ngoma. Inaitwa sampeah kru. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya meza ya mwalimu wake. Vinyago vya jitu na nyani viko katikati, ndizi, vijiti vya uvumba, na nyuma yake picha za wanawake wazee kwenye fremu za plastiki. Nilimwomba anitajie majina. Alijua matatu. La nne akampigia mwalimu kuuliza, na mwalimu akaongea dakika kumi nzima, juisi zetu zikaisha barafu.

Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni mbili walikata tikiti za Angkor. Novemba mwaka huo Buppha Devi, apsara wa kwanza, alifariki akiwa na miaka 76. Miezi michache baadaye ikaja korona, wageni wakapungua hadi kama laki nne kwa mwaka mzima, wengi wao wakiwa wa miezi ya mwanzo, na kumbi za chakula na ngoma zikafungwa. Mpwa wa dereva alirudi kwao, akauza mayai. Mwalimu wake aliendelea kufundisha uani, watoto wakiwa mbalimbali, wamevaa barakoa, jambo ambalo lina uchekeshaji wake ukikumbuka kwamba nusu ya ngoma hii ni tabasamu.

Em Theay, yule wa filamu, alifariki mwaka 2021, katika kipindi hicho hicho cha majukwaa yenye giza. Alikuwa karibu na miaka 90. Aliingia kasrini mtoto, akaimba na kucheza mbele ya Kossamak, na alipofukuzwa mjini mwaka 1975 alibeba kitabu chake cha nyimbo za ngoma, akakificha, akatoka nacho upande wa pili. Bintiye naye ni mchezaji na mwalimu. Hucheza jitu.